Meli ya Angani Iliyobuniwa Ivunjwe, na Kifaru Kilichogeuzwa Trekta

Mwanafunzi wa Chidya anayepanda Uwanda wa Juu wa Makonde kuelekea Newala hukutana na mambo matatu ambayo pengine ameyazoea hata hayafikirii tena. La kwanza ni mwinuko: ukingo wa magharibi wa uwanda huo hukaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari. La pili ni udongo wa kichanga unaoyanywa maji ya mvua upesi na kuyapeleka chini sana. La tatu ni matokeo ya hilo la pili, yaani shida ya maji. Kwa vizazi vingi wenyeji waliteremka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kwa vichwa, mpaka katika miaka ya 1950 ulipoanzishwa mpango mkubwa wa kuyapampu kutoka chini.

Mambo hayo matatu, mwinuko, udongo na maji, ndiyo tutakayoyatumia katika makala haya kupima vyombo viwili vya ajabu katika historia ya zana za vita. Cha kwanza ni meli ya angani ya Kijerumani iliyotumwa mwaka 1917 kuja kutua katika uwanda huohuo wa Makonde, na ambayo ilibuniwa ili ikishatua isiruke tena kamwe. Cha pili ni kifaru cha Kimarekani ambacho, baada ya Vita Kuu ya Pili, kiligeuzwa trekta kwa ajili ya kilimo cha karanga katika Tanganyika. Vyote viwili vilikuwa kazi ya mafundi hodari. Hata hivyo hakuna hata kimoja kilicholeta matunda yaliyotarajiwa, na sababu zake zinafaa kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa sayansi.

Vita Masasi na Newala

Katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki yaliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Manowari za Waingereza zilizuia meli za Ujerumani zisifike pwani yetu, kwa hiyo risasi, dawa na nguo vilizidi kupungua. Kufikia mwaka 1917 Wajerumani walikuwa wamesukumwa hadi kusini kabisa. Mwezi Oktoba mwaka huo palipiganwa vita vikali sana Mahiwa, kaskazini mashariki ya Masasi. Wajerumani hawakushindwa hapo, lakini akiba yao ya risasi ilikaribia kwisha.

Huko Ujerumani daktari mmoja, Max Zupitza, aliyekuwa amewahi kufanya kazi Afrika, alitoa shauri: kama bahari imefungwa, kwa nini wasipite angani? Ndege nyingi za wakati ule zilibeba watu wachache na mabomu machache, na hazikuweza kukaa angani ila kwa saa chache. Chombo pekee kilichoweza kubeba tani nyingi na kwenda mbali kilikuwa zepelini, yaani meli ya angani yenye mifupa ya madini na mifuko mikubwa ya gesi ndani yake.

Jeshi la wanamaji la Ujerumani likakubali. Meli ya kwanza iliyotayarishwa, L 57, iliharibiwa na dhoruba mwezi Oktoba 1917 kabla ya kuanza safari. Ndipo ikachukuliwa nyingine, L 59, ikakatwa katikati na kuongezewa urefu wa mita 30. Ilipomalizika ilikuwa na urefu wa mita 226, kipenyo cha karibu mita 24, injini 5 na nafasi ya gesi ya mita za ujazo 68,500. Ili kuukadiria urefu huo, mwanafunzi na afikirie viwanja viwili vya kandanda vilivyounganishwa kwa ncha.

Kanuni iliyoibeba meli

Zepelini haielei kwa nguvu ya injini. Injini huisukuma mbele tu. Kinachoinua ni kanuni ileile aliyoieleza Archimedes: kitu kilichozama katika kimiminika au gesi husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kimiminika au gesi kilichoondoa mahali pake.

Mita moja ya ujazo ya hewa, karibu na usawa wa bahari na katika joto la nyuzi 15 za Selsiasi, ina uzito wa kilo 1.22 hivi. Haidrojeni ya ujazo uleule ina uzito wa gramu 85 tu. Tofauti yake ni karibu kilo 1.14, na hiyo ndiyo nguvu ya kuinua inayopatikana kwa kila mita ya ujazo ya gesi. Kwa hiyo:

68,500 × 1.14 = kilo 78,000 hivi, yaani tani 78.

Mifupa ya meli, injini na ngozi yake ya nje vilichukua zaidi ya tani 25 katika hizo. Zilizobaki, karibu tani 50, ziligawanywa baina ya watu 22, zaidi ya tani 20 za petroli, tani kama 9 za maji ya farumi, na shehena ya tani 15 iliyokusudiwa kwa majeshi yaliyokuwa Makonde.

Msomaji atauliza: maji tani 9 ya nini, na hali kila kilo ina thamani? Jibu lake ndilo ufunguo wa tabia ya vyombo vya namna hii. Nguvu ya kuinua haikai mahali pamoja. Meli inapopanda, hewa huwa nyepesi zaidi, gesi hutanuka, na sehemu yake haina budi kutolewa nje ili mifuko isipasuke. Katika kimo cha mita 900, ambacho ni kimo cha Newala hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko pwani. Kwa meli hii hiyo ni hasara ya zaidi ya tani 6. Joto nalo hufanya vivyo hivyo: hewa ikipata joto kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 30, meli iliyojaa gesi hupoteza asilimia 5 ya nguvu yake, yaani karibu tani 4. Zaidi ya hayo, mchana jua huipasha moto gesi ya ndani kuliko hewa ya nje na meli huwa nyepesi. Usiku gesi hupoa na meli huwa nzito ghafula. Hapo nahodha humwaga farumi ili asianguke, kama vile baharia wa jahazi apunguzavyo mzigo katika tufani.

Sasa tunaona jangwa la Sahara lilimaanisha nini kwa chombo hiki. Mchana palikuwa na joto kali na mikondo ya hewa ipandayo kutoka kwenye mchanga. Usiku palikuwa na baridi. Meli ilirushwarushwa mchana na kuzama usiku, na safari moja ilishuka kiasi cha kuwalazimu mabaharia kutupa farumi na sehemu ya shehena yenyewe wasije wakagonga ardhi.

Chombo kisichotupwa hata uzi

Jambo la ajabu zaidi katika L 59 halikuwa ukubwa wake bali fikra iliyouongoza ubunifu wake. Wahandisi walijua kwamba katika Uwanda wa Makonde hapakuwa na haidrojeni hata chupa moja, wala kiwanda cha kuitengeneza, wala banda la kuihifadhi meli yenye urefu wa mita 226. Ikishatua haingeweza kurudi. Basi wakajiuliza: kama meli ni lazima ife huko, maiti yake itumike vipi?

Jibu lao lilikuwa kuifanya meli yenyewe iwe shehena. Kitambaa cha nje kilikusudiwa kushonwa mahema na nguo. Kitambaa laini cha mifuko ya gesi kingekuwa bendeji. Mifupa ya duralumini, ambayo ni aloi nyepesi ya alumini, ingejengewa vibanda na mlingoti wa simu ya upepo. Injini zingezungusha mitambo ya kutoa umeme. Hata njia ya ndani ambayo mabaharia walikanyaga kwenda huku na huku ilitandikwa ngozi inayofaa kutengenezewa viatu. Pamoja na hayo kulikuwa na bunduki za rashasha 30, risasi zaidi ya 300,000, magunia 61 ya dawa na bendeji, vifaa vya kushonea, mapanga na barua.

Katika historia ya zana za vita ni vigumu kupata chombo kingine cha anga kilichobuniwa kwa kufuata fikra hiyo mpaka kikomo chake. Kwa kawaida mbunifu huuliza, "Chombo hiki kitafanya kazi gani?" Hapa waliuliza pia, "Kazi ikiisha, kila kipande kitakuwa nini?" Fundi wa Masasi anayekata tairi kuukuu akatengeneza makubadhi, au anayefua kibatari kutokana na kopo, angeielewa fikra hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba yeye hufikiri baada ya tairi kuchakaa, nao walifikiri kabla ya meli kuruka.

Safari

L 59 iling'oa nanga Jamboli, katika Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Ilipita juu ya Uturuki, ikavuka bahari ya Mediterania na kuingia Afrika asubuhi iliyofuata. Ikapita jangwa la Misri hadi mto Nili katika Sudani. Njiani injini ya mbele iliharibika, na kwa kuwa injini hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa umeme wa simu ya upepo, meli ikabaki na uwezo wa kupokea habari bila ya kuzijibu.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, meli ilipokuwa magharibi ya Khartoum, ilifika amri kutoka kwa wakuu wa jeshi la wanamaji huko Ujerumani: rudini. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba adui alikwisha kuteka sehemu kubwa ya Uwanda wa Makonde, na kwamba Kitangari ilikuwa mikononi mwake. Kwa hiyo jina la Kitangari, linalofahamika leo kwa kila mwalimu wa kusini kwa ajili ya chuo chake cha ualimu, lilisafiri kwa simu ya upepo hadi katikati ya Sudani na kuigeuza meli kubwa kuliko nyumba yoyote iliyokuwako wakati ule katika Tanganyika.

Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Katika siku hizohizo Lettow-Vorbeck alikuwa amewaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wake, akapita Kitangari na Newala, akateremka kuelekea mto Ruvuma. L 59 ilitua tena Jamboli tarehe 25 Novemba baada ya kukaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Siku hiyohiyo, tarehe 25, Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma na kuwashambulia Wareno huko Ngomano, akajipatia kwao risasi, dawa na chakula ambavyo meli ilikuwa imeshindwa kumletea. Yeye mwenyewe hakujua kwamba kulikuwa na meli angani inayomtafuta. Hakuwa na chombo cha kupeleka habari Ulaya, na hakuna aliyeweza kumwuliza atakuwa wapi.

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu katika hukumu yetu. Chombo chenyewe hakikushindwa. Kutoka Jamboli hadi Newala kwa mstari ulionyoka ni kilomita 6,000 hivi. L 59 ilisafiri zaidi ya hizo, na iliporudi bado ilikuwa na petroli ya saa nyingi. Kilichokosekana ni habari za hakika kutoka mahali palipokusudiwa. Meli yenyewe iliungua angani tarehe 7 Aprili 1918 katika mlango wa bahari wa Otranto, karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakafa. Lakini safari yake iliwathibitishia wahandisi kwamba chombo cha anga chaweza kuvuka bara zima. Baada ya miaka kumi na moja ilitengenezwa Graf Zeppelin, ambayo mwaka 1929 iliizunguka dunia ikiwa na abiria.

Tani 15 katika vichwa vya watu

Kabla ya kuiacha meli hii, tuipime kwa kipimo cha nchi yetu. Katika vita vile mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 25 hivi. Tani 15 ni kilo 15,000, na 15,000 tukigawanya kwa 25 tunapata 600. Yaani shehena yote ya L 59, pamoja na urefu wake wa mita 226, injini zake 5 na tani 20 za petroli, ilikuwa mizigo ya watu 600.

Si ajabu basi kwamba vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa kwa vichwa na mabega. Ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota. Magari ya deraya ya Rolls-Royce, yaliyoletwa na Waingereza mwaka 1915, yalikwenda vizuri mahali pakavu, lakini mvua zilipokuja magurudumu yao yalizama katika matope. Akabaki mtu. Lakini mtu hula. Tukichukulia kwamba mpagazi ahitaji kilo moja ya nafaka kwa siku, basi mwenye mzigo wa kilo 25 za chakula huumaliza yeye mwenyewe kwa siku 25, na asipate hata punje ya kumpa askari. Kwa hiyo chakula kilichukuliwa vijijini, na vijiji vya Masasi, Newala na Ruvuma vikapata njaa kwa ajili ya vita ambavyo havikuvianzisha.

Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kuwa karibu laki moja, na wengi wao waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Jina la Kariakoo, katika Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Katika vitabu vya zana za vita zepelini L 59 huwa na picha na vipimo vyake vyote. Mpagazi, aliyebeba shehena ileile kwa miguu mitupu, huwa hana hata mstari mmoja. Mwanafunzi anayejifunza historia ya uvumbuzi na akumbuke kuandika pande zote mbili za hesabu.

Kutoka shambani hadi vitani, na kurudi shambani

Tuje sasa kwenye chombo cha pili. Kifaru kilizaliwa shambani. Mwaka 1904 Benjamin Holt wa California alijaribu trekta lililotembea juu ya minyororo mipana badala ya magurudumu, kwa sababu mashamba yake yalikuwa na udongo laini ambamo matrekta mazito yalizama. Katika Vita Kuu ya Kwanza matrekta ya Holt yalitumiwa kukokota mizinga, nayo yakawachochea wabunifu wa Kiingereza kutengeneza gari la deraya la minyororo. Kifaru cha kwanza kiliingia vitani Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916.

Siri ya mnyororo ni kanieneo, yaani uzito unaobebwa na kila sentimita mraba ya ardhi. Kifaru cha Sherman, ambacho Wamarekani walitengeneza zaidi ya 49,000 katika Vita Kuu ya Pili, kilikuwa na uzito wa tani 30 hivi. Kila mnyororo wake ulikuwa na upana wa sentimita 42, na uligusa ardhi kwa urefu wa sentimita 373. Basi:

Eneo la minyororo miwili: 2 × 42 × 373 = sentimita mraba 31,000 hivi.
Kanieneo: kilo 30,000 ÷ 31,000 = karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba.

Mtu wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja wenye eneo la sentimita mraba 150, kanieneo chake ni kilo 0.4. Kwa hiyo kifaru, kilicho na uzito wa watu 500, huibana ardhi kiasi cha mara mbili na nusu tu kuliko mtu anayetembea. Ndiyo sababu kilipita mahali ambapo lori liligandama.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na ilikuwa na vifaru vingi visivyo na kazi. Mwaka 1946 wataalamu walioongozwa na John Wakefield walitumwa Tanganyika kuchunguza kama karanga zaweza kulimwa kwa wingi. Walizunguka kwa muda wa majuma 9, na sehemu kubwa ya uchunguzi wao waliifanya kwa ndege. Wakashauri kufyekwa zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ambayo ni jirani ya Masasi. Huo ndio uliojulikana kama Mpango wa Karanga.

Matrekta hayakupatikana ya kutosha. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Sherman, ikaondoa mnara wa mzinga na deraya, ikalifupisha umbo lake na kukipa uwezo wa kukokota. Chombo hicho kikaitwa Shervick, jina lililofumwa kwa majina mawili, Sherman na Vickers. Fikra yenyewe ilikuwa nzuri: mtoto wa trekta anarudishwa kwa babaye, na chuma kilichotengenezwa kuua kinalima chakula.

Lakini kifaru na trekta, ingawa hutembea kwa namna moja, hawafanyi kazi moja. Kifaru hukimbia kwa muda mfupi, kisha husimama. Huangaliwa kila siku na mafundi wa jeshi, na hakuna anayelalamika kikichakaa upesi, maana vitani hakitarajiwi kuishi muda mrefu. Trekta hukokota mzigo mzito, polepole, saa nyingi kila siku, mwaka hata mwaka. Kila kiungo cha mnyororo hushikwa na pini. Mchanga ukiingia baina ya pini na tundu lake, kila mzunguko huwa kama kusugua chuma kwa msasa. Na udongo wa Kongwa ulikuwa na chembe nyingi za mchanga mgumu, na wakati wa kiangazi uliganda kama saruji. Majembe ya kukokotwa yalilika, mashine zikavunjika, na karanga zilizokomaa zikagoma kung'oka ardhini. Katika mwaka 1947 ilikusudiwa kufyeka na kulima ekari 150,000. Zilizopatikana zilikuwa 7,500 hivi. Shervick hazikuuokoa mpango. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha kwa hasara ya pauni milioni 36.

Huku kusini alama za mpango huo ni nyingi. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa sababu yake, na hata leo inatumika. Reli iliyotoka Mtwara kuelekea Nachingwea ilifungwa mapema katika miaka ya 1960 kwa kukosa mizigo.

Tunalojifunza

Vyombo hivi viwili vina undugu. Vyote vilitokana na fikra ya kugeuza matumizi: meli iwe mahema na viatu, kifaru kiwe trekta. Kwa upande wa ufundi fikra hiyo ni ya heshima, na katika nchi yenye chuma kichache ni ya lazima. Lakini kugeuza matumizi hakumalizi kazi ya mbunifu. Kila chombo ni jibu la swali, na sehemu kubwa ya swali hukaa mahali ambapo chombo kitatumika. Waliotuma L 59 hawakuweza kumwuliza aliyekuwa Newala. Waliotuma Shervick wangeweza kumwuliza mkulima wa Kongwa, aliyeujua udongo ule wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na hawakumwuliza vya kutosha. Waliutazama kutoka angani, na kutoka angani udongo wote hufanana.

Mwanafunzi wa Chidya ambaye kesho atabuni pampu, jembe au gari la kukokotwa kwa ajili ya Uwanda wa Makonde ana akiba ambayo wahandisi wale hawakuwa nayo. Anajua mchanga ule huyapeleka wapi maji, na mteremko ule humchosha nani. Ujuzi huo ni sehemu ya sayansi. Yampasa auandike, aupime, kisha ndipo ashike kalamu ya kuchorea.

Mazoezi ya darasani

1. Simama kwa mguu mmoja juu ya karatasi yenye miraba ya sentimita moja, uuchore mguu wako pande zote, kisha hesabu miraba. Gawanya uzito wako kwa eneo hilo. Je, kanieneo chako ni sawa na kile cha mfano wetu? Rudia hesabu ukiwa umesimama kwa miguu miwili.

2. Chukua visanduku viwili vyenye uzito mmoja. Chini ya kimoja weka misumari minne, chini ya kingine weka ubao mpana. Viweke juu ya mchanga uliolowa, upime kila kimoja kimezama kiasi gani. Eleza tofauti hiyo kwa kutumia neno kanieneo.

3. Puto la mpira lililojazwa pumzi liweke kivulini, upime mzingo wake kwa uzi. Kisha liweke juani kwa dakika kumi upime tena. Matokeo yake yanaelezaje hali ya zepelini mchana na usiku?

4. Mpagazi hubeba kilo 25 za nafaka na hula kilo moja kila siku. Anatembea kilomita 20 kwa siku, kwenda na kurudi. Je, akipeleka chakula mahali palipo umbali wa kilomita 100, atafikisha kilo ngapi, ikiwa lazima abakize chakula cha njia ya kurudi? Na umbali ukiwa kilomita 200? Jadilianeni majibu hayo yanaeleza nini juu ya njaa iliyofuata majeshi.